Uzi: Nani aliua stesheni ya Kisumu?

1.
Uchaguzi ukikaribia kuna ahadi moja haikosi: "Tutafufua reli." Na reli ikitajwa, dakika tano haziishi kabla watu wagawanyike. Huku wanasema walitengwa kwa makusudi. Kule wanajibu ati reli ilijifia yenyewe, soko liliamua, acheni kulia. Leo tuangalie stesheni moja tu, ya Kisumu. Ukiijua historia yake utaona kila upande umeshika nusu ya ukweli na kuiacha nusu nyingine.

2.
Kama kawaida yangu hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Kama kuna mtu amekujia akilini, huyo ni wako, mimi simo. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai.

3.
Tuanze 1896. Waingereza wanaanza kutandika reli kutoka Mombasa. Mei 1899 inafika Nairobi, ambayo wakati huo ni kinamasi na mahema tu. Desemba 1901 inafika ziwani. Mahali pale wakapaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia kazi mbele ya reli. Wenyeji hawakushughulika na jina hilo. Waliendelea na lao, Kisumu, ambalo watu wengi hulihusisha na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Soko lilikuwepo kabla ya treni, hilo tulikumbuke.

4.
Kuna jambo ambalo shuleni tulilipita haraka. Kwa nini iliitwa "Reli ya Uganda" na inaishia Kisumu? Kwa sababu 1901 Kisumu ilikuwa Uganda! Mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande huu 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika. Kwa hivyo tangu mwanzo stesheni hii haikujengwa kuhudumia mji. Ilijengwa kuifikia Uganda na ziwa. Weka hiyo kando, tutairudia.

5.
Na haikuja bure. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wanandi, ambao reli ilipita kwenye ardhi yao, waliipinga kwa miaka. Mwaka wa 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa katika kile alichoambiwa ni mkutano wa amani, kisha watu wake wakasukumwa mbali na njia ya reli. Kwa hivyo mtu akikwambia reli ilikuwa zawadi ya mkoloni, muulize zawadi gani hiyo.

6.
Sasa, enzi zake. Miaka 30 ya kwanza, ukitaka kwenda Kampala kutoka Mombasa, njia ni moja: treni mpaka Kisumu, unashuka, unaingia meli. Stesheni na gati viko karibu kwa sababu hiyo hiyo. Meli zenyewe ziliunganishwa hapo hapo Kisumu, zikiwa zimeletwa kutoka Uingereza vipande vipande. Kutoka hapo ulifika Entebbe, Port Bell, Jinja, Mwanza, Bukoba.

7.
Pamba ya Uganda ilivuka ziwa, ikapakiwa mabehewa Kisumu, ikateremka Mombasa. Bidhaa za kutoka ng'ambo zikaja kwa njia hiyo hiyo, zikirudi nyuma. Kila mzigo ulishuka Kisumu na kupakiwa upya. Na mzigo unaposhuka kuna kazi: makuli, makarani, mafundi, walinzi, wenye maduka, akina mama wa chakula. Mji ulikua kwa sababu watu na mizigo walilazimika kusimama hapo.

8.
Usidhani palikuwa peponi. Mabehewa yaligawanywa kwa daraja, na daraja ilienda na rangi. Mwafrika alipanda daraja la tatu na akabeba mizigo ya wa daraja la kwanza. Lakini kazi ilikuwepo, na mshahara wa reli ulisomesha watoto wengi wa Nyanza na Magharibi. Ukienda kwa familia nyingi za huko utaambiwa babu fulani "alikuwa wa reli".

9.
PIGO LA KWANZA: 1931.
Waingereza wanajenga njia nyingine. Inachomoka karibu na Nakuru, inapanda Timboroa zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, inapita Eldoret, Tororo, Jinja, na 1931 inaingia Kampala. Sasa abiria wa Kampala hahitaji tena meli. Hahitaji tena Kisumu.

10.
Kwa nini njia ipande milima yote hiyo badala ya kuendelea na upande wa ziwa? Kwa sababu Uasin Gishu kulikuwa na walowezi wazungu, na walitaka reli kwenye mashamba yao. Reli ilifika Eldoret 1924, miaka kadhaa kabla ya kuingia Kampala. Huo haukuwa uamuzi wa soko. Ulikuwa uamuzi wa serikali ya kikoloni kuhusu nani ahudumiwe kwanza. Kwa hivyo anayesema "tulirukwa" ana ushahidi hapa, tena mzuri.

11.
Kisumu ilipewa nini? Mwaka wa 1930 ikapata tawi la kwenda Butere, kama kilomita 70, kupitia Luanda na Yala. Lilikuwa tawi la maana kwa watu wa huko: mahindi, kuku, ndizi, wanafunzi wanaorudi shule. Lakini stesheni iliyokuwa mlango wa nchi nzima sasa ikawa mlango wa mkoa.

12.
Hata hivyo haikufa 1931. Hapa ndipo upande wa "tulitengwa" husimamisha hadithi mapema mno. Kisumu ilibaki makao ya meli za reli ziwani. Mwaka wa 1961 ikapata meli ya abiria, Victoria. Miaka ya sitini zikaja feri mbili za kubeba mabehewa, Uhuru na Umoja. Yaani behewa linatoka kwenye reli, linaingia ndani ya meli likiwa na mzigo wake, linashukia Mwanza na kuendelea na safari. Hebu fikiria hiyo, zaidi ya miaka 50 iliyopita.

13.
Na angalia majina hayo mawili: Uhuru na Umoja. Reli, bandari na meli zilikuwa za nchi tatu pamoja: Kenya, Uganda, Tanzania. Kisumu ilikuwa pembeni mwa ramani ya Kenya, lakini kwenye ramani ya Afrika Mashariki ilikuwa katikati.

14.
PIGO LA PILI: 1977.
Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Februari 1977 Tanzania inafunga mpaka wake na Kenya, na hautafunguliwa mpaka 1983. Mali ya pamoja inagawanywa, kila nchi ikishika ilichoweza kushika, na makubaliano rasmi ya kugawana yanakuja 1984 kupitia msuluhishi kutoka Uswisi. Victoria na Umoja zinabaki Tanzania. Uhuru inabaki Kenya. Hayo majina yaligawanyika hivyo kweli, mimi sijatunga.

15.
Kwa Kisumu hii ilikuwa kama kukatwa mkono. Meli ziwani zilikuwa na faida kwa sababu zilienda nchi nyingine. Ukifunga nchi nyingine, unabaki na meli kubwa na Homa Bay. Shirika la Reli la Kenya lilianzishwa 1978 likirithi stesheni ambayo kazi yake kuu, kuunganisha nchi tatu, imeondolewa kwa ugomvi wa wakubwa. Hapa hakuna kabila lililolengwa. Ziwa zima liliumia: Mwanza, Port Bell, Kisumu.

16.
PIGO LA TATU: bomba.
Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi 1978, na 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Mafuta ndiyo mzigo ambao reli yoyote inautamani: ni mzito, unaenda mbali, unaenda kila siku. Ukauhamishia kwenye bomba, umeiondolea reli mlo wake mkuu.

17.
Lakini tuwe wakweli. Bomba lilikuwa wazo baya? Hapana. Ni salama na ni nafuu, na Kisumu yenyewe ilifaidika kwa kuwa na ghala la mafuta. Kwa hivyo si kila kilichoidhoofisha stesheni kilikuwa hila. Mambo mengine ni mabadiliko ya kawaida ambayo serikali ilipaswa kujiandaa nayo: mafuta yakiondoka, reli itabeba nini? Hilo swali nadhani halikuulizwa kwa sauti ya kutosha.

18.
Kwa sababu wakati huo huo mizigo mingine nayo ilikuwa inaisha. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilianguka miaka ya tisini. Viwanda vya sukari vya Miwani na Muhoroni, ambavyo viko kando ya reli hiyo hiyo, vilijaa madeni na 2001 vikawekwa chini ya wasimamizi. Treni haiwezi kubeba sukari ambayo haijasagwa.

19.
Ongeza magugu maji. Mwishoni mwa miaka ya tisini ghuba ya Kisumu ilifunikwa ukadhani ni shamba. Meli hazitoki, wavuvi hawatoki, gati limezibwa. Sasa una stesheni iliyojengwa kwa ajili ya bandari, na bandari haionekani kwa majani.

20.
Halafu kejeli yenyewe. Desemba 2001 Kisumu ilisherehekea miaka 100 na kutangazwa kuwa jiji. Miaka 100 tangu nini? Tangu reli ifike. Jiji likapewa hadhi kwa sababu ya siku ya kuzaliwa ya stesheni, na stesheni yenyewe iko taabani.

21.
PIGO LA NNE: matengenezo.
Hili ndilo halina sherehe wala hotuba, kwa hivyo mjadala haulipendi. Njia ya kuteremka kutoka Mau kwenda Muhoroni ina kona nyingi na madaraja marefu ya chuma. Ikifika chini inaingia tambarare ya Kano, na Kano wote tunaijua kwa mafuriko. Njia kama hiyo ukiacha kuitengeneza mwaka mmoja, treni inapunguza mwendo. Ukiacha miaka kumi, abiria anapanda basi. Abiria akihama, mapato yanashuka. Mapato yakishuka, pesa za matengenezo zinapungua tena.

22.
Mwaka wa 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ulivunjwa 2017, haujafika hata nusu. Katikati ya hapo, treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilisimama, na ikakaa karibu mwongo mmoja bila kuonekana. Kwa hivyo anayesema "wape sekta binafsi, watafufua" pia ana historia ya kujibu.

23.
Mzigo uliotoka kwenye reli ulienda wapi? Barabarani. Mnamo Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Sisemi reli ingezuia ajali ile. Nasema tukijadili gharama ya reli, tuhesabu pia gharama ya kutokuwa nayo. Malori yanabomoa barabara na yanaua, na hiyo bili tunailipa sisi sisi.

24.
PIGO LA TANO: SGR.
Reli mpya ilifunguliwa Mombasa hadi Nairobi mwaka wa 2017. Mpango ulikuwa iendelee Naivasha, Kisumu, kisha Malaba. Oktoba 2019 ikafika Suswa, ikasimama, kwa sababu mkopo wa kipande kinachofuata haukupatikana. Tangu hapo kuirefusha hadi Kisumu kumekuwa wimbo wa kila jukwaa.

25.
Na kumbuka, tangu 2013 kuna tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoingia nchini, ilianza na asilimia 1.5. Mama mboga wa Kondele ananunua ndoo ya plastiki iliyotoka nje, amelipia reli. Treni ya SGR hajaiona. Hapo ndipo hasira inatoka, na si hasira ya kijinga.

26.
Ufufuo ulikuja kwa njia nyingine: reli ya zamani ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi Kisumu. Watu walijaa, picha zikapigwa, wazee wakafurahi kwelikweli. Miaka miwili kabla, feri Uhuru nayo ilikuwa imerudi ziwani ikibeba mafuta kwenda Port Bell. Angalia hiyo vizuri: mafuta yamefika Kisumu kwa bomba, yakatiwa kwenye mabehewa, mabehewa yakaingia melini. Bomba, reli na meli vikafanya kazi pamoja. Kumbe inawezekana.

27.
Lakini ufufuo pia una watu wanaoulipia. Februari 2021, nyumba za jamii ya Wanubi walioishi Kibos kwa vizazi zilibomolewa usiku kwa sababu ya ardhi ya reli. Reli ikilala miaka 20, watu hujenga maisha pembeni mwake. Ikiamka, wao ndio wa kwanza kukanyagwa. Ukisikia "tutafufua reli", uliza pia nani atahamishwa, na atapelekwa wapi.

28.
Sasa turudi kwa mjadala wetu. Nani aliua stesheni ya Kisumu?
1931 ni upendeleo wa mkoloni.
1977 ni ugomvi wa nchi tatu.
1994 ni mabadiliko ya kawaida ambayo hayakuandaliwa.
Matengenezo ni uzembe wa miaka mingi, wa serikali kadhaa na kampuni moja.
Suswa ni uamuzi wa kukopa bila kuwa na uhakika wa safari nzima.
Ni sababu tano tofauti, na ukizifanya moja utakosea dawa.

29.
Kwa wa upande wa "soko liliamua": niambie ni wapi soko liliamua peke yake hapo juu. Reli ya kwanza ilijengwa na serikali. Njia ya Eldoret, serikali. Bomba, serikali. Barabara za malori, serikali. SGR, serikali. Kila mara kuna mtu alichora mstari kwenye ramani na mwingine akaulipia. Hiyo ni siasa kabla haijawa soko.

30.
Kwa wa upande wa "tulitengwa": malalamiko yenu yana msingi, lakini yalengwe vizuri. Ukisema kila kitu kilikuwa njama, unamsaidia yule aliyeshindwa kutengeneza madaraja. Anajificha nyuma ya 1931. Njama haikaguliwi na mkaguzi wa hesabu, bajeti ya matengenezo inakaguliwa.

31.
Ndiyo maana kwangu mimi stesheni hii inafundisha jambo moja. Haikuwahi kuishi kwa uzuri wa jengo wala kwa kasi ya treni. Iliishi kwa kile kilichokutana pale: reli na meli, pamba na karani, Kenya na Uganda na Tanzania. Kila kilichokutana pale kikiondolewa, stesheni ilipungua kiasi hicho hicho. Kupaka rangi hakurudishi hivyo vitu.

32.
Kwa hivyo mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akisimama mbele yako na kusema "tutafufua reli", mpigie makofi ukitaka, kisha umuulize haya manne:
a) Treni itabeba mzigo gani, wa nani, kila wiki?
b) Ikifika ziwani, inakutana na nini?
c) Pesa za matengenezo za mwaka wa tano zinatoka wapi? Sio za ufunguzi, za mwaka wa tano.
d) Watu wanaoishi kando ya njia wameambiwa nini?

33.
Akijibu yote manne, huyo amefikiria. Akijibu kwa picha ya treni nzuri kwenye bango, basi unajua. Picha za treni tumekuwa nazo tangu 1901.

34.
Mwisho wa uzi. Kama kuna mahali nimekosea, nisahihishe kwa ushahidi, sio kwa matusi. Na kama mzee wako alikuwa wa reli, Kisumu, Butere, Muhoroni ama popote kwenye njia ile, andika hapa chini alifanya kazi gani. Tuanze na hao, kwa sababu kwenye majukwaa hawatajwi.